Siga Tano za Bwana Moris

Barua ilinifikia hapa Katesh mwezi uliopita, imeandikwa kwa mkono, kwa Kiswahili cha mtu aliyesaidiwa. Aliyeandika ni binti wa Bwana Moris, yule Mzungu fundi wa mashine tuliyekuwa naye kwenye mashamba ya ngano ya serikali. Alinijulisha kwamba baba yake amefariki, mzee sana, na kwamba katika karatasi zake wamekuta jina langu, Paskalina, na pembeni yake neno moja, "mpishi". Aliomba nimwandikie lolote ninalokumbuka. Nilimjibu nusu ukurasa: kwamba baba yake alipenda maharage yangu, alichukia vumbi, na kila siku baada ya chakula cha mchana alivuta siga moja ndogo. Nilipofunga bahasha nilijiona mwongo. Niliyoandika yalikuwa kweli tupu, lakini nilimpa yule binti ganda nikabaki na kokwa. Ndiyo maana nauandika hapa mwaka ule mzima. Habari za ukoo wangu na jinsi nilivyofika shambani nazipita, hazina la kumnufaisha mtu. Inatosha kujua kwamba nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nilijua kupika, na nilijua Kibarabaig kwa sababu nilikulia Basotu, jirani na maboma ya Wabarabaig, wafugaji wa pale.

Nyumba ya wageni ya shamba ilikuwa ya bati, vyumba vinne na ukumbi wa kulia uliokuwa na madirisha upande wa mlima. Ukisimama penye beseni la kunawia uliona Hanang yote, na chini yake ngano, mpaka macho yachoke. Ulikuwa mwaka wa shida ya sabuni na sukari. Vyombo nilivisugua kwa majivu, na chai ilinywewa na chumvi, au na asali ikipatikana. Lakini mkate haukukosekana, kwa kuwa unga ulikuwa wetu, na mchana niliwapa maharage, nyama ya mbuzi, au samaki wa ziwani wakiletwa kwa baiskeli. Meneja alikula pale, na wahasibu waliopita, na Bwana Moris aliyekuwa akilala chumba cha mwisho. Watu wa meza ile walizungumza mbele yangu kana kwamba mimi ni pazia. Sikukasirika. Mpishi anayejua kunyamaza hujua mambo kuliko karani, na mimi nilikuwa najua kunyamaza sana, kupita kiasi, kama nitakavyosimulia.

Hizo siga zilikaa kwenye kasha la mbao lisilozidi mkate mmoja kwa ukubwa. Zilikuwa fupi, urefu wa kidole cha kati, nene kidogo kuliko kidole gumba cha mtoto, rangi ya chai iliyokolea. Zilisokotwa kwa mkono huko zilikotoka, na hilo lilimgusa sana Bwana Moris, mtu aliyeshinda maisha yake yote chini ya mashine. Siku moja, siga iliyopasuka aliifungua mbele yangu juu ya sahani ili nione: ndani majani yaliyokunjwakunjwa, ya aina tatu, kisha jani moja gumu la kuyafunga, kisha la nje, laini, lenye mishipa myembamba, limezungushwa mshazari mpaka kichwani na kubandikwa kofia ndogo ambayo huoni ilipoanzia. Akaniambia hakuna mashine iliyogusa kitu hicho. Upepo wa Hanang ni mkavu, na ulikuwa unalipasua lile jani la nje. Mimi nikaweka kipande cha kiazi kibichi ndani ya kasha, kitoe unyevu, nikikibadilisha kila siku tatu, na kupasuka kukakoma. Tangu hapo kasha likawa mikononi mwangu, na nakiri nilijivuna.

Pua yangu imenilisha maisha yote, basi niacheni niseme nilichonusa. Kabla ya moto siga ile ilinukia mtarakwa uliochongwa siku hiyo, kama ofisi ya shule walimu wanapochonga penseli, na chini yake ngozi ya ndama iliyoanikwa. Ikishawashwa, mwanzo wake ulikuwa ganda la mkate, lile la chini lililogusa bati. Katikati ilikuja kahawa isiyo na sukari na karanga zilizokaangwa, na mwishoni pilipili manga kwenye midomo. Utamu ulifika wa mwisho, baada ya moshi kwisha, tena nyuma ya ulimi, sukari guru kidogo sana. Majivu yake yalikuwa meupe, yameshikamana, hayaanguki mpaka yaambiwe. Tumbaku yetu ya mikate, ile inayobanwa mabonge na kuletwa kutoka Mbulu, haina adabu hizo. Inakugonga paji la uso na kukuacha hapo. Nayajua haya kwa sababu alinionjesha, mara moja, tukiwa barazani. Nilivuta kwa nguvu kama nilivyoona wanaume wanavyovuta sigara, nikakohoa nusura nianguke. Akasema kwa Kiswahili chake cha darasani, "Tafadhali usimeze moshi. Uuweke mdomoni, kama supu ya moto." Kisha akanieleza kwamba siga kubwa humvumilia mtu, lakini ndogo inapata moto mapema, na ukiivuta kwa pupa inakuwa chungu na utamu wake haurudi tena. Yeye aliivuta polepole mno, saa nzima, na hakuna aliyethubutu kumwita karakana katika saa hiyo.

Sasa nimtaje Boay. Alikuwa dereva wa trekta, mtu wa Mbulu, mrefu, mpole, asiyevuta wala kunywa. Tulikuwa tumekubaliana tutafunga ndoa baada ya mavuno. Nilimpenda, na sioni haya kuliandika. Mwezi wa pili, wakati wa kulima kwa ajili ya kupanda, Bwana Moris alitoka na plau mpya ya sahani za chuma kuijaribu upande wa mashariki, na mimi nikatumwa kwa lori kuwapelekea chakula. Nilifika nikamkuta Boay amesimamisha trekta hatua chache kutoka kwenye kilima kidogo cha udongo kilichoota nyasi. Bwana Moris alikuwa amepiga magoti mbali kidogo, pembeni, anataka aone sahani zinavyoingia ardhini. Boay alikitazama kile kilima. Kwao Mbulu hakuna makaburi ya namna ile. Alidhani labda ni kichuguu, labda sivyo. Mimi sikudhani. Nilijua ni bung'eda, kaburi la mzee mkubwa wa Kibarabaig, lile linalojengwa na ukoo mzima kwa miezi mingi. Nikiwa mtoto nilishaona watu wakipita mahali kama pale wakaacha majani mabichi. Bwana Moris akainua mkono akapunga, endelea. Boay akaendelea. Nilikuwa na kikapu mkononi na nilinyamaza kwa sababu mbili, zote za aibu: wali ulikuwa unapoa, na niliogopa kuwasemesha wanaume kazini. Sahani ya mwisho ikakata ubavu wa kilima.

Vijana waliokuwa wakichunga ng'ombe ng'ambo waliona kila kitu, isipokuwa hawakunijua mimi ni nani. Kaburi lilikuwa la baba yake Mzee Gidahoda, ambaye boma lake lilikuwa mwendo wa saa moja kuelekea ziwani. Wazee watatu wakaja ofisini. Meneja akawapokea wakiwa wamesimama, akawaambia shamba ni mali ya serikali na shamba halina mdomo wa kuomba radhi. Kuanzia hapo hakuna boma lililompa Boay maji. Wachungaji wakimwona waligeuza ng'ombe. Ningeweza kusema hayo yangepita, lakini Boay mwenyewe aliyachukua moyoni. Aliniambia waziwazi kwamba hataoa mpaka ukoo ule umwachilie, kwa sababu hataki kuzaa watoto ili aje awazike. Sikumcheka. Na mimi niliamini, na hata leo sina hakika kwamba siamini. Kwa hiyo mwaka ule nilikuwa nataka kitu kimoja tu: Mzee Gidahoda amsamehe Boay. Na Boay hakujua kwamba nilijua.

Kwa Wabarabaig anayekuja kuomba msamaha huja na asali na tumbaku. Boay alikwenda mara mbili, na mara zote mbili mzee aliipokea asali na kuirudisha tumbaku. Mara ya pili nilikwenda naye kutafsiri. Mzee aliunusa ule mkate wa tumbaku, akaurudisha chini taratibu, akasema kijana huyu havuti, tumbaku hii ameinunua sokoni, haikutoka kinywani mwake. Tumbaku ya kuombea lazima iwe ile ambayo wewe mwenyewe utaikosa kesho. Halafu akasema aje mwenye ule mkono uliopunga, na alete anayovuta yeye. Tulirudi kwa miguu. Nilijua ni nani anayetakiwa, na nilijua anavuta nini, kwa sababu kasha lilikuwa chini ya ulinzi wangu na ndani zilikuwa zimebaki siga nane. Kifurushi kingine kutoka kwao kisingefika kabla ya Krismasi.

Siku mbili nilikaa na jambo hilo nikikanda mkate. Siku ya tatu, mezani, meneja alianza kuzungumza kwa Kiingereza, na Kiingereza changu cha shule kilitosha. Alisema ataandika barua wilayani kwamba kile kilikuwa kichuguu, kwamba dereva alikuwa amelewa, na kwamba dereva atafukuzwa ili mambo yaishe. Bwana Moris aliweka uma chini. Akasema Boay hanywi. Meneja akacheka, akasema wote wanakunywa, akaomba pilipili. Nilimpelekea pilipili. Walipotoka, Bwana Moris akaenda barazani kama kawaida, nikamletea kasha na kiberiti, na badala ya kuondoka nikasimama. Nilimweleza yote: kaburi, wachungaji, maji, tumbaku iliyorudishwa. Yote isipokuwa moja. Alisikiliza siga ikiwa mkononi haijawashwa. Mwishoni aliuliza, "Ni mkono wangu?" Nikamwambia ndiyo, Bwana Moris, ni mkono wako. Aliutazama ule mkono wa kulia muda mrefu. Kisha akaivuta siga yake, maana alikuwa mtu wa ratiba hata katika huzuni, na alipomaliza akafunga kasha akasema zilizobaki tano ziende kwa mzee. Meneja alipopata habari alimkataza. Bwana Moris akamjibu kwamba Jumapili si siku ya kazi.

Tulikwenda Jumapili, sisi watatu. Gari tuliliacha mbali, tukatembea. Bwana Moris alikuwa amevaa shati jeupe na viatu nilivyompigia rangi mwenyewe. Mzee Gidahoda alikuwa ameketi kwenye kigoda ndani ya boma, mgolole mwekundu mabegani, mkewe mkubwa kando yake, na watu wa boma wamejaa, watu wazima na watoto, labda thelathini. Tukamwamkia. Bwana Moris alisema shikamoo kwa kuinama mno, watoto wakabana vicheko. Kisha akasema aliyokuja kusema, nami nikageuza kwa Kibarabaig: kwamba mkono ni wake, kwamba hakujua, na kwamba kutojua si kitu cha kujivunia kwa mtu aliyeishi hapa miaka miwili. Akatoa kasha kwa mikono miwili. Mzee akalifungua, akatoa siga moja, akainusa kuanzia mwisho mpaka mwisho. Bwana Moris, kwa heshima, akawasha kiberiti na kumsogezea. Mzee akautazama ule moto, akautazama uso wa mzungu, akaupuliza ukazimika. Akamega ncha ya siga, akaitafuna.

"Tumbaku hii ililala ndani ya mti," alisema hatimaye. "Ilikaa muda mrefu, haikuharakishwa. Ukali wake haupigi mlangoni, unaingia, unakaa, ndipo unasema." Akaendelea kutafuna. Akasema ina utamu unaochelewa, na kwamba mtu anayevuta kitu kama hiki kila siku atakikosa kweli. Niliyatafsiri neno kwa neno na nikamwona Bwana Moris akinyooka mgongo, kwa maana hakuna mtu shambani aliyewahi kumwambia lolote la maana juu ya siga zake zaidi yangu mimi. Lakini furaha hiyo haikudumu. Mzee alimpa mkewe kasha lote, na yule mama, bila haraka, akaanza kuzifumua. Alivua lile jani la nje, akalikata lile gumu la kufungia, akayakung'uta majani ya ndani kwenye kigae kilichokuwa juu ya makaa. Tano zote. Zilipokauka akaziweka kwenye jiwe pamoja na bonge la magadi, akaanza kusaga ugoro. Bwana Moris alikuwa na uso wa mtu anayeona gari lake likishuka mteremko bila dereva. Aliniuliza kwa sauti ndogo wanafanya nini. Nikamwambia tumbaku ya msamaha haivutwi na mtu mmoja. Kila aliye bomani lazima aionje, maana asiyeonja anabaki na kinyongo chake, na siga tano zisingewatosha watu thelathini. Wanazifanya ziwatoshe wote, nilimwambia. Alifikiri, akasema, "Basi ni sahihi." Nilimpenda sana kwa neno hilo.

Ugoro ulizungushwa kwenye pembe ndogo. Mzee kwanza, kisha wanawe, kisha mama mwenyewe, kisha wengine. Bwana Moris alivuta kwa pua, akapiga chafya mpaka machozi yakamtoka, na sasa watoto walicheka bila kujizuia, na wakubwa nao. Ikafika kwa Boay. Mzee alimtazama, akamwekea mkono kichwani, akasema maneno ya baraka ya kwao ambayo sitayaandika, na Boay asiyevuta akavuta. Nikaletewa maziwa nimpe anywe. Akakipokea kibuyu kwa mikono miwili, akanywa. Nilitaka kulia kwa furaha. Nilidhani yamekwisha.

Mzee akanigeukia mimi na pembe mkononi, lakini hakunipa. "Wewe binti ulikulia Basotu," alisema. "Bung'eda ukiiona unaijua. Siku ile ulikuwa wapi?"

Boay na Bwana Moris walinitazama, wakingoja tafsiri. Ningeweza kuwaambia mzee ameuliza habari za kwetu. Hakuna mwingine pale aliyejua lugha zote mbili, na uongo huo ungesimama mpaka leo. Nilimjibu kwa Kibarabaig kwamba nilikuwepo, nilijua, na nikanyamaza. Mzee hakubadili uso. "Sasa waambie wenzako," alisema, "kwa lugha yao." Nikageuka. Nikasema kwa Kiswahili: nilikuwa pale na kikapu, nilijua ni kaburi, sikufungua mdomo. Nilimwambia Boay, si Bwana Moris, ingawa sikuweza kumtazama. Aliinamisha kichwa juu ya kibuyu cha maziwa. Ndipo mzee akanipa pembe akaniambia nivute. Nilivuta. Ule mtarakwa ulikuwa umekwisha kwenye makaa, kahawa na mkate vimekwenda, magadi yamemeza karibu vyote. Ukali tu ulipanda hadi kwenye macho. Halafu, wakati nilipokuwa nimeshakata tamaa, ule utamu ukaja, nyuma kabisa, mahali pake palepale.

Mzee alidai jambo moja la mwisho, kwamba kaburi lizungushiwe nguzo na ardhi yake isiguswe tena, na nguzo zichimbiwe na Boay kwa mikono yake. Bwana Moris alimwambia meneja kwamba nguzo zitawekwa, na kwamba barua ya kichuguu ikienda wilayani naye atapeleka yake. Barua haikwenda. Boay alibaki kazini. Miezi iliyofuata, baada ya chakula, Bwana Moris alikaa barazani saa yake nzima na mikono mitupu, akitazama ngano, na bado hakuna aliyethubutu kumwita.

Kwa Boay mambo hayakuwa mepesi hivyo. Mzee alinisamehe kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Boay hakuwa na pembe ya ugoro. Njiani kurudi aliniuliza swali moja tu, "Ulijua?" Nikasema nilijua. Akatangulia mbele. Sikumlaumu. Alikuwa amebeba peke yake kwa miezi mitatu mzigo ambao nusu yake ulikuwa wangu, na mimi nilikuwa nikitembea kando yake nikimpa pole. Kila jioni baada ya zamu, jua bado lipo, alikwenda kule mashariki na jembe na nguzo za mtarakwa alizozikata mwenyewe. Mimi nilimfuata. Hakunifukuza wala hakunisemesha. Nilikaa kwenye nyasi, nje ya mstari wa mashimo, nikimwangalia akichimba, nikirudi nyuma yake kabla kiza hakijatanda. Siku ya kwanza hivyo, ya pili hivyo. Wiki ikapita. Nilijiambia nitakwenda mpaka nguzo ya mwisho, kisha nitajua kama nifungashe vitu vyangu nirudi Basotu.

Siku ya tisa alisimamisha nguzo kwenye shimo, ikawa inayumba, naye alihitaji mikono yote miwili kushindilia udongo. Aliishikilia kwa bega, akajaribu kwa mguu, ikalala upande. Alisimama kidogo akipumua. Kisha akasema, bila kugeuka, "Shika wima."

Nikashika.